Kufufua maiti ni uovu, kufunga roho ndani ya udongo ni ufundi. Nani aliamua hivyo?

#1 Fundi_Mnazi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Gemu za kichawi zina sheria moja ambayo sijaona mtu akiihoji. Ukiinua mifupa ya marehemu ikubebee mizigo, wewe ni mwovu. Ukitengeneza golemu, yaani sanamu la udongo linalotembea kwa uchawi, akubebee mizigo ileile, wewe ni msomi, pengine hata kuhani anayeheshimika.

Chukueni Dungeons & Dragons gemu ya mezani ya dadu na kusimuliana, toleo la 3.5, lile la 2003. Uchawi wa kuinua maiti umebandikwa alama ya uovu humohumo kitabuni, hata kama nia yako ilikuwa kuchimbia kijiji kisima. Sasa fungueni Monster Manual, kitabu cha viumbe cha toleo hilohilo, sehemu ya golemu. Kinachomwendesha ni roho iliyotolewa kwenye ulimwengu wa ardhi, na kitabu kinasema bila kuficha kwamba roho yenyewe haikutaka. Inafungwa ndani ya ule mwili na kuwekwa chini ya amri ya aliyeutengeneza. Alama ya uovu hapo? Hakuna. Kwa hiyo mifupa, ambayo ndani hamna mtu, ni dhambi. Golemu, ambaye ana mfungwa tumboni, ni kifaa.

Mezani kwetu mimi ndiye msimulizi, anayeongoza mchezo. Kijana mmoja alikuwa anacheza mfufua maiti, akainua mifupa ibebe mahema. Paladini wetu, yaani askari wa dini, akachomoa upanga palepale, eti kiapo hakimruhusu kutembea na uchafu. Hekalu la huyo paladini mlangoni lina golemu wa udongo! Nilipomuuliza tofauti, akaniambia yule ni msafi.

Dai langu ndilo hilo: gemu hizi hazipimi dhambi kwa mateso ya kiumbe, zinapima kwa harufu. Nawasilisha.

#2 Kambi_Popote

Nimeweka kambi. Wajuzi wakija mnishtue.

#3 Msee_wa_Dadu

Mleta uzi umemchagua golemu mpole. Hebu geuza kurasa chache umtazame yule wa nyama. Viungo vya maiti za binadamu, zisiwe zimeoza sana, miili isipungue sita. Halafu soma orodha ya uchawi unaotakiwa kumtengeneza: kuinua maiti umo! Yaani umetumia uchawi wenye alama ya uovu, umekatakata marehemu sita, juu yake umefunga roho isiyotaka, na ukimaliza, kiumbe anaandikwa si mwema si mwovu. Ni kifaa tu.

Kwa hiyo hiyo nadharia yako ya harufu inaangukia hapo, maana huyo ananuka kweli.

Mimi naona ni pesa. Kuinua mifupa unahitaji jiwe jeusi la oniksi la dhahabu 25 kwa kila ngazi ya nguvu ya maiti. Mtu wa kawaida akijikaza anaweza. Golemu wa nyama bei yake ni dhahabu 20,000, na kumtengeneza tu ni 10,500. Cha maskini kinaitwa ushirikina, cha tajiri kinaitwa utafiti. Nairobi tunaijua hiyo.

#4 Kitabu_Wazi

Marekebisho, kwa heshima zote.

Moja. Fundi anasema ndani ya mifupa hamna mtu. Kwa sheria za 3.5, mwili ukishageuzwa kuwa maiti hai, uchawi wa kawaida wa kumrudishia mtu uhai haufanyi kazi. Hadi ile maiti ivunjwe kwanza, na hapo utumie uchawi mkubwa zaidi. Kwa hiyo marehemu anaguswa huko aliko, njia yake ya kurudi imezibwa. Si mzigo mwepesi huo.

Mbili. Uovu wenyewe wa mifupa umeongezwa baadaye. Toleo la 3.0, la 2000, mifupa na zombi walikuwa si wema si waovu, kama golemu. Miaka mitatu mbele, 3.5 ikawageuza waovu. Tabia haikubadilika, akili hawakupewa, ila maadili yakaandikwa upya.

Tatu, na hii ndiyo tamu. Toleo la tano lilipokuja 2014, golemu naye akabadilishwa. Ile roho sasa inaelezwa kuwa cheche ndogo isiyo na kumbukumbu, nafsi wala historia. Mfungwa ametolewa kimyakimya, ikabaki betri. Mtu akiniambia waandishi hawakuona tatizo, nitamwonyesha hayo mabadiliko. Waliliona. Wakalitibu kwa kalamu badala ya kumwacha mchezaji alitafune.

#5 Bi_Mkora

@Kitabu_Wazi, nimekugongea laiki ya tatu hiyo.

Mie si mtu wa dadu, ni mtu wa Final Fantasy, na kwangu ushahidi mkubwa uko kwenye ile ya tisa, ya mwaka 2000. Vivi, yule mchawi mdogo wa kikosini, mnamkumbuka? Kakofia kale, macho ya njano. Tunafika kijiji cha Dali tunakuta chini ya ardhi kiwanda kizima: ukungu unaingia, mayai yanatoka, ndani ya mayai wachawi weusi wa Malkia Brahne wanapakiwa kwenye mapipa. Vivi anawatazama, wana sura yake. Anawasemesha, hawajibu. Nililia, sisemi uongo.

Haya. Muda si mrefu tunafika Burmecia, jeshi la Brahne limeishambulia, na wanaokuja mbele yetu ni hao hao wachawi weusi. Unafanya nini? Unawaua. Na Vivi yumo kikosini, unamwamuru arushe moto kwa ndugu zake, halafu mwisho wa pambano ule muziki wa ushindi unapigwa na pointi mnagawana. Hakuna anayesema neno.

Baadaye tunakuta kijiji cha waliozinduka na kutoroka, wanatuambia kuwa mwaka mmoja hivi tangu kutengenezwa wengi wao wanasimama tu, basi, wamekwisha. Hapo gemu inataka tuhuzunike. Na tunahuzunika! Lakini wale wa Burmecia ambao pengine wangezinduka wiki mbili baadaye?

Kwa hiyo si harufu, Fundi, na si pesa. Ni jina. Kiumbe akipewa jina na akiingia kikosini ana roho. Asiye na jina ni pointi.

#6 Bwana_Shwari

Wazee wazima mnalilia vikaragosi vya PlayStation. Kodi mmelipa?

#7 Bi_Mkora

@Bwana_Shwari nimelipa. Na bili ya umeme nimelipa, ndiyo maana nacheza.

#8 Koda_Mtaa

Naongea kama mtu anayetengeneza vigemu vya simu, vidogo tu, msiniulize kipato.

Mnatafuta falsafa ambapo kuna uhunzi. Gemu ya kupigana inahitaji vitu vya kupigwa, vingi, saa zote, na mchezaji asichoke moyo. Hiyo ndiyo kazi ya "kiumbe kilichotengenezwa". Kigemu changu cha kwanza maadui walikuwa majambazi. Dada yangu akakijaribu, baada ya dakika chache akauliza huyu jambazi ana watoto? Nikawageuza vinyago vya mbao, mwendo uleule, sauti ya kufa ileile. Hakuna aliyeuliza tena, hata yeye.

Kwa hiyo @Bi_Mkora, wale wa Burmecia hawakupewa muziki wa huzuni kwa sababu mwandishi wa hadithi na aliyepanga mapambano ni watu wawili tofauti. Mmoja anaandika msiba, mwingine anahitaji maadui wa sura hiyo. Unafiki unaouona ni ufa kati ya idara mbili.

#9 Elbe_Kaskazini

Salaam kutoka Hamburg.

Alichosema Koda huku kiliwahi kuwa desturi kabisa. Half-Life ya 1998, toleo lililouzwa Ujerumani, wale askari binadamu waligeuzwa roboti. Command & Conquer: Generals ya 2003, askari wakafanywa nusu mashine. Carmageddon, ile ya kugonga watembea kwa miguu kwa gari, hapa uligonga roboti, na Uingereza ikatoka kwanza ikiwa na zombi wenye damu ya kijani. Gemu ileile, kitendo kilekile. Ukibadilisha rangi ya kinachotoka mwilini, mtoto analindwa.

Najua hizo si gemu za kichawi, lakini zinaonyesha mlango ambao hili jambo linapitia. Aliyetengenezwa hahesabiwi, na wakati mwingine anayeamua hivyo si mwandishi wala fundi wa gemu, ni anayeogopa kunyimwa kibali cha kuuza.

Ajabu nyingine: jirani yangu Mjerumani aliyecheza hiyo Half-Life utotoni ananiambia aliwahurumia zaidi wale wanasayansi, maana wakipigwa hawakufa, walikaa chini wakitikisa vichwa. Sijui walioibadilisha walikusudia nini.

#10 Mama_Wawili

Nimesoma hadi hapa na naona mnakwepa suala la ridhaa. Dragon Age: Origins, 2009, ndiyo gemu pekee ninayoijua iliyolibeba hili bila kulipakaza asali.

Kwa wasioijua. Golemu wa vibete wa Orzammar walikuwa silaha dhidi ya viumbe wa gizani. Wote tunaamini ni mawe yenye uchawi. Tunashuka huko chini kabisa tunamkuta Caridin, fundi aliyebuni fuawe la kuwatengeneza, na yeye sasa ni golemu. Anaeleza kwamba hakuna uhai anaoweza kuumba. Kila golemu alikuwa kibete, mtu, aliyemwagiwa madini ya liriamu yaliyoyeyushwa. Mwanzoni walijitolea. Kisha mfalme Valtor akataka wengi zaidi, wakaletwa wahalifu na wasio na tabaka, kisha maadui wake wa kisiasa. Caridin alipogoma akawekwa yeye juu ya fuawe. Wanafunzi wake hawakujua kutengeneza fimbo ya kumtawala, ndiyo maana akabaki na akili yake.

Halafu gemu inakupa uchaguzi: umsaidie Caridin alivunje fuawe, au umsaidie Branka, fundi mwingine wa kibete, alitumie tena upate jeshi la golemu kwa vita ya mwisho. Hapo hakuna harufu wala jina, @Bi_Mkora. Swali ni moja, alikubali au hakukubali. Na hata hao wa kwanza waliojitolea, je, walijua hawatakufa kamwe?

#11 Padi_Mbovu

Mimi nilimchagua Branka na ningemchagua tena kesho. Kuna jeshi la gizani linakula nchi nzima, mnaniletea habari za ridhaa? Wale vibete wangekufa tu kwenye zile njia za chini. Angalau golemu anasimama.

#12 Mama_Wawili

@Padi_Mbovu, hayo ndiyo maneno ya Valtor, na yeye alianza na hesabu kama yako. Na Shale, yule golemu wa kikosini, ulimfanya nini?

#13 Padi_Mbovu

Alinigeukia palepale mbele ya fuawe, tukapigana. Sikuwa na namna.

#14 Mama_Wawili

Basi sema hadharani ulimuua Shale. Mwenzio uliyetoka naye Honnleath, aliyesimama pale kijijini kama sanamu miaka thelathini akinyewa na ndege, na alipopata uhuru akakufuata wewe. Alikuwa mwanamke wa kibete kabla ya kuwa jiwe, na alijua hilo siku ileile uliyompiga. Wanaume wa JKT wa gemu nyie.

#15 Bwana_Shwari

Hahahaa huu uzi umeanza na mifupa sasa ni kesi ya mauaji.

#16 Mwana_wa_Unguja

Nduguzanguni, kaeni niwapeleke mahali pengine.

Eberron, ulimwengu wa D&D uliotoka 2004, una kabila linaitwa Warforged. Watu wa mbao, mawe na chuma, walitengenezwa na nyumba ya kibiashara ya Cannith ili wapigane vita vilivyochukua zaidi ya miaka mia. Vita vikaisha kwa mkataba wa Thronehold, na mkataba huo ukasema mawili: Warforged si mali tena, ni watu huru, na matanuru yanayowatengeneza yavunjwe.

Watu hushangilia hapo. Mie nilisoma nikasema, mbona haya nayajua? Unguja, Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed akatia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Fidia ililipwa kwa nani? Kwa mabwana. Mtumwa alitakiwa mwenyewe aende mahakamani aombe, na akishaachwa huru aonyeshe ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909.

Sasa mtazame huyo Warforged. Huru, hana ardhi, hana ukoo, ustadi wake ni kupigana vita ambavyo havipo. Halafu na kizazi pia hana, kwa sababu matanuru yamefungwa! Wametangaziwa uhuru na kutoweka kwa saini moja, na watu wanauita mkataba wa haki. Lililo halisi kuliko yote ni kwamba huko Sharn yupo Merrix wa Cannith anayeendesha tanuru moja kwa siri. Ndiyo hali ya dunia hiyo, amri huandikwa na kazi huendelea.

Kwangu unafiki wa gemu si kwamba zinawaonea viumbe. Ni kwamba zinaona uhuru ni mwisho wa hadithi.

#17 Msee_wa_Dadu

Hili la #16 nimelisoma mara mbili, shukran.

Nikuongezee moto. Kwenye Eberron hiyohiyo, merikebu za hewani za nyumba ya Lyrandar zinaendeshwa na roho za moto au upepo zilizofungwa ndani. Mchezaji wa Warforged anapanda merikebu, anatoa hotuba kuhusu uhuru wa watu wake, na chini ya miguu yake kuna mfungwa anayesukuma chombo. Nimekaa kwenye meza kama hiyo! Nilipouliza roho ile inajisikiaje, jamaa akaniambia nisiharibu safari.

#18 Ngosha_Mtulivu

Mnazunguka dunia nzima mmesahau msukule.

Kijijini kwetu hadithi za msukule tumekua nazo. Mtu anaonekana amekufa, anazikwa, kumbe kachukuliwa, analimishwa usiku kwenye shamba la mchawi, chakula chake pumba. Sibishani na anayeamini wala asiyeamini. Tazameni tu maadili yamewekwa wapi. Uchafu wote uko kwa aliyemchukua. Msukule mwenyewe ni mtoto wa fulani, ana jina, ana mama anayemlilia. Akionekana, watu wanataka arudishwe nyumbani. Sijawahi kusikia hadithi ambayo shujaa anaingia shambani na panga kuwafyeka misukule kumi apate nguvu za kumfikia mchawi.

Gemu za Wazungu zinafanya hivyohivyo kila siku. Zombi ndiye adui wa kwanza kwenye levo ya kwanza, wakati yeye ndiye aliyeibiwa.

Kwa hiyo Fundi, tofauti ya mifupa na golemu mimi naona ni ndogo. Kubwa ni kwamba kwao aliyefanywa mtumwa wa kichawi anaingia upande wa uchafu pamoja na bwana wake.

#19 Fundi_Mnazi

@Ngosha_Mtulivu, hii ingekuwa bandiko la kwanza. Naikubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba msukule ana ndugu wa kumdai. Golemu wa udongo hana mama. Nani atalia?

#20 Ustadhi_Gemu

Assalaam aleykum. Nipo Muscat, nacheza baada ya isha, msinicheke.

Mnapita pembeni ya jambo ambalo kila mtoto wa madrasa analijua. Kuna hadithi sahihi kwamba watengenezaji wa picha za viumbe wataambiwa siku ya Kiyama wavipe uhai walivyoviumba, na hawataweza. Na kuna Nabii Isa, amani iwe juu yake, katika Aal-Imran aya ya 49, anafinyanga udongo kwa umbo la ndege, anapuliza, unakuwa ndege, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Udongo huohuo, kufinyanga kulekule. Mpaka kati ya muujiza na kiburi ni idhini ya Mwenye kuumba.

Tazameni basi: golemu wa udongo katika 3.5 anatengenezwa kwa sala, kuuliza miungu, na uchawi wa kufufua, vyote vya makuhani. Ameombewa idhini. Mifupa haijaombewa. Huenda yule paladini wa Fundi hakuwa mjinga hivyo, alikuwa na fikihi yake.

Mie mwenyewe sisemi inatosha. Idhini ya mungu wa gemu haimtoi mfungwa ndani ya udongo. Ila inaeleza kwa nini watu wanahisi wanachohisi.

#21 Msee_wa_Dadu

Ustadhi, na yule wa nyama? Orodha yake haina sala hata moja.

#22 Ustadhi_Gemu

Yule achomwe tu.

#23 Nordi_wa_Moshi

Gemu ya Skyrim haijatajwa? Kweli?

Kule roho zina rangi. Nyeupe ni za wanyama na "viumbe", nyeusi ni za watu. Roho nyeupe unaifunga kwenye kito cha kawaida, unachajia upanga, hakuna anayekutazama vibaya, maduka yanauza. Nyeusi inahitaji kito cheusi, na hiyo ni haramu ya wafufua maiti. Sawa. Sasa Falmer, wale vipofu wa mapangoni: walikuwa elfi wa theluji (snow elves), watu wenye mahekalu, wakakimbilia kwa Dwemer, vibete wa kale, kuomba hifadhi, wakalishwa uyoga uliowapofusha, wakafanywa watumwa, vizazi vikapita wakawa hivyo walivyo. Wamefanywa viumbe na wengine. Na roho ya Falmer inaingia kwenye kito cha kawaida! Yaani ukimtesa mtu vya kutosha, na sheria za roho zinakubaliana nawe kuwa si mtu tena.

Halafu 2012 ikaja nyongeza ya Dawnguard, tukakutana na Gelebor, elfi wa theluji mzima, ana adabu, anaongea. Wote tukamwinamia. Ukitoka kwake unarudi pangoni kuchaji upanga kwa binamu zake.

Na Arvak je? Farasi wa mifupa wa kule Soul Cairn, makao ya roho zilizofungwa. Ni maiti hai kabisa na kila mtu anampenda. Hapo nadharia zenu zote mnazipeleka wapi?

#24 Kambi_Popote

Arvak ni mtoto mzuri. Asiguswe.

#25 Koda_Mtaa

Falmer ni jambo la jedwali la data, Nordi. Mtu wa programu aliwaweka kwenye kundi la viumbe kwa sababu hawana mazungumzo. Asiye na mistari ya kuongea ni kiumbe.

#26 Bi_Mkora

@Koda_Mtaa, umesema "asiye na mistari ya kuongea ni kiumbe" halafu unatuambia hakuna falsafa hapo? Mwanangu, hiyo ndiyo falsafa yenyewe, na imetawala mabara.

#27 Nakala_Halisi

Nimesoma kimya, ila kwa kuwa jina langu ndilo hili lazima niseme.

Tales of the Abyss, 2005. Shujaa, Luke, anagundua yeye ni nakala. Mtu halisi ni Asch, ambaye maisha yake Luke ameyaishi bila kujua. Gemu nzima inatufundisha kwamba Luke ni mtu kamili, hana haja ya kuomba radhi kwa kuwepo. Nimeipenda kwa hilo. Lakini inafika mahali ili kuondoa hewa ya sumu duniani zinatakiwa nafsi 10,000 zife, na suluhisho ni nini? Nakala 10,000, kwenye mnara wa Rem. Wanakubali wenyewe, ndiyo @Mama_Wawili, ridhaa ipo. Wamekubali kwa sababu dunia haina mahali pa kuwaweka na wameahidiwa wenzao watapata kwao. Ridhaa gani hiyo?

Na Jade, ambaye ndiye aliyebuni ufundi wa kutengeneza nakala, anamwambia Luke kwamba kama lazima mmoja afe, afe yeye, halisi abaki. Rafiki yake huyo! Anasema kwa uchungu, lakini anasema.

Ndiyo maana hoja ya jina ya Bi Mkora naiona haitoshi. Luke alikuwa na jina, alikuwa shujaa, na bado siku ya kuhesabu aliwekwa upande wa vitu vyenye akiba.

#28 Mama_Wawili

@Nakala_Halisi, wasiokuwa na pa kwenda wakikubali, mimi siiti ridhaa. Kwa hiyo sijaona umenipinga, umenipa mfano.

#29 Nakala_Halisi

Basi na wale vibete wa kwanza wa Caridin nao hawakuridhia. Orzammar ilikuwa imezingirwa. Ukifuata hivyo hakuna aliyewahi kuridhia chochote.

#30 Padi_Mbovu

Asante. Nimekuwa nikisema hivyo tangu #11.

#31 Mama_Wawili

Wewe nyamaza, una kesi.

#32 Mpya_Humu

Habari wakubwa. Hii ya Vivi inachezeka kwa simu? Sina kompyuta.

#33 Bi_Mkora

Ipo ya simu tangu 2016, mwanangu, Android na iPhone. Ya kulipia, ila hukai na matangazo. Ukifika Burmecia rudi hapa utuambie.

#34 Kitabu_Wazi

Kuna kipengele kimoja cha 3.5 hamjakigusa na nadhani kinamfaa Fundi. Golemu wa udongo akiwa vitani, kila raundi kuna asilimia moja, inayojumlika, kwamba roho iliyo ndani itajinasua. Ikijinasua anapiga kila kilicho hai karibu, na kitabu kinasema hakuna njia inayojulikana ya kumrudisha chini ya amri. Wa nyama bado muundaji wake anaweza kumtuliza kwa kumsemesha kwa uthabiti. Wa udongo, basi.

Yaani sheria zenyewe zinakiri kuna mtu ndani anayesukuma mlango. Na akiufungua, gemu inamwita kichaa, na sisi tunapewa pointi za kumpiga.

#35 Koda_Mtaa

Au ni kanuni tu ya kuzuia wachezaji wasiwe na golemu kumi. Kusawazisha nguvu.

#36 Ngosha_Mtulivu

Vyote viwili vinaweza kuwa kweli, Koda. Viboko navyo vilikuwa vya kusawazisha nguvu.

#37 Mwana_wa_Unguja

Swali kwa mnaocheza mezani: kuna aliyewahi kukaa na kikosi kilichoamua kumfungua golemu kwa makusudi? Si kumvunja. Kumtoa yule aliye ndani arudi kwao.

#38 Msee_wa_Dadu

Kwa 3.5 hakuna uchawi ulioandikwa kwa kazi hiyo ninaoujua. Ungemwomba msimulizi akubunie.

#39 Fundi_Mnazi

Nibuni mimi? Toeni mapendekezo, tuna kikao Jumamosi. Masharti: uwe wa ngazi ambayo kikosi cha kawaida kinaweza kuufikia, na uwe na gharama. Ngosha, @Ustadhi_Gemu, nawasubiri nyie hasa.

#40 Ustadhi_Gemu

Gharama anabeba nani, anayefungua au aliyefunga?

#41 Padi_Mbovu

Aliyefunga kashakufa miaka mia tatu iliyopita, kama kawaida ya gemu zote.